Sauti ya Rubani

Kazi ya rubani mmoja wa jeshi ni kujaribu ndege mpya za kivita, zile ambazo hata fundi aliyeziunda huziangalia kwa mbali. Nyumbani ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Akikosa soksi moja, kuku wa jirani husahau kutaga. Lakini kukiwa na hatari, sauti hiyo hushuka, ikawa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto, na ile mikono yake mipana hutulia tuli. Mkewe anaijua sauti hiyo ya pili, na haipendi hata chembe.

Leo injini ilimzimikia angani. Walioko kwenye mnara wa kuongozea ndege wakamwambia aiache ndege aruke na mwavuli. Akajibu polepole, "Ngojeni kwanza, wanangu," akaishusha kimyakimya kama mwewe. Habari zilimfikia mkewe kabla yake. Rubani aliporudi akavua viatu, akaketi mezani, mikono mapajani.

"Chai nzuri, mke wangu," akasema kwa sauti laini. Na chai yenyewe haijamiminwa!

Mkewe akaingiwa na baridi. Mwili umerudi, mwenyewe bado yuko juu. Itakuwaje akibaki hukohuko?

"Baba watoto, nasikia leo umeitua kama gunia la viazi."

"Gunia? Mimi? Nani kasema gunia?" Viganja vikapaa, kimoja ndege, kingine uwanja, akafoka mpaka paka akarukia nje kupitia dirishani.

"Hebu onyesha tena, bwana wee, sikuona vizuri," mkewe akasema, akimimina chai huku mbavu zikimuuma kwa kicheko.