Mwaka wa Tatu Darasa la Nne

Juzi, kwenye ofisi ya elimu ya Nchelenge, mbele yangu kwenye foleni mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa akimwombea bintiye nafasi ya darasa la tano.

"Haiko," karani alisema bila kuinua macho. "Shule yenu inaishia la nne. Arudilie."

"Tata karani, huu mwaka wa tatu anarudilia. Mwalimu akisahau, mutoto ndiye anamukumbusha."

"Basi atakuwa mwalimu."

Foleni ilicheka. Mama alimfuta binti uso kwa ncha ya kitenge.

Binti alinionyesha kitabu chake, kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Bila kukifungua, nilimtajia maneno ya ukurasa wa kwanza. Naye akanitajia ya ukurasa wa pili. Kitabu hicho ndicho nilichosomeshwa mimi, kabla mama yake hajazaliwa.