Anayeonja Kabla ya Ng'ombe

Mkamuaji wa zizi moja la kijiji cha Ntalikwa hawapi ng'ombe maji ambayo yeye hajayaonja. Kila asubuhi hupitisha kiganja chini ya birika la kunyweshea, na akihisi utelezi hata kidogo humwaga maji yote, akalisugua kwa gunzi na majivu huku akinung'unika Kinyamwezi. Kisha hujaza maji ya kisima, huchota kikombe cha bati, hunywa, ndipo hufungua zizi.

Jana alimkuta tajiri wake ameliinamia birika hilo, anasuuza bomba la kupulizia sumu ya wadudu wa tumbaku, maji yamekuwa meupe. Mtu ana pori zima la kusuuzia, akachagua wanapoweka midomo ng'ombe wanaomlisha.  Mkamuaji alichota kikombe cha maji hayo, akapiga goti, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Karibu maji."

Tajiri alirudi nyuma. "Una wazimu? Hayo si ya ng'ombe?"

"Na chai ya maziwa uliyokunywa asubuhi ilitoka kwa nani?"

Alibaki amepiga goti, kikombe mkononi, mpaka tajiri alipochukua ndoo akaanza kuyachota na kuyamwaga. Ndipo aliposimama, akamsogezea gunzi kwa mguu.