Daktari Aliponiuliza Kama Inauma

Kabla sijaugua, kazi yangu ilikuwa kubeba nyama. Kichinjio chetu kiko nje kidogo ya Kitengela, na mimi ndiye niliyekuwa nikitoa robo za ng'ombe kwenye kulabu na kuzipeleka kwenye magari ya bucha. Robo ya nyuma ya fahali mkubwa ilinikalia begani nikatembea nayo huku nikipiga soga na dereva. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kidogo najisifu. Nataka mjue ni mwili gani uliokuwapo.

Naitwa Lemayian. Kwetu ni Mashuuru. Mke wangu, Mwende, ni Mkamba wa upande wa Machakos, na ni fundi wa nguo hapa mjini. Watu wa kwao wakiumwa wanasema. Mama mkwe wangu akiumwa na jino, mtaa mzima unajua kabla chai haijachemka. Kwetu tulilelewa vingine.

Siku niliyotahiriwa, mjomba wangu ndiye aliyekaa nyuma yangu kunishika mgongo. Alikuwa ndugu wa mama, na tuliitana Apu, mimi na yeye, kama desturi yetu ilivyo. Mvulana anapokatwa hatakiwi kupepesa hata jicho. Akishtuka, aibu ni ya nyumba yote, na watu hawasahau mpaka anazeeka. Apu aliweka viganja vyake viwili pale chini ya mgongo, akaniambia nitafute kitu cha mbali nikitazame. Nilitazama jiwe jeupe lililokuwa ng'ambo ya boma. Sikupepesa. Nilipewa mitamba, na kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa jambo bora nililowahi kufanya.

Apu alikufa muda mfupi kabla ya ugonjwa wangu. Tumbo lilimuua. Asubuhi ya siku ile ile alikuwa amepeleka ng'ombe maji, na mkewe alipomuuliza mbona hajagusa uji akasema yuko sawa. Watu wa hospitali walituambia kwamba kitu kile kilikuwa kimemla kwa muda mrefu, na kwamba lazima kilimuuma sana. Kwenye mazishi tulimsifu kwa kutomsumbua mtu yeyote. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama kumsifu.

Ugonjwa wangu niliupata kazini. Ng'ombe mmoja aliletwa akiwa na mimba, na mwenye mali hakusema. Tulipompasua, ndama alikuwa amefia ndani, na maji yake yakanimwagikia mikononi na usoni. Harufu yake ilikuwa mbaya hata kwa sisi tuliozoea. Nilikuwa na mkwaruzo kwenye kidole. Glavu zilikuwa zimekwisha. Nikanawa kwenye bomba, nikavuta kulabu nyingine.

Baada ya wiki chache homa ikaanza. Ilikuwa inakuja jioni na kuondoka asubuhi, kwa hiyo niliweza kwenda kazini nikajifanya mzima. Jasho lilikuwa likilowesha godoro, Mwende akawa analianika juani kila siku, majirani wakadhani ni mtoto anayekojoa. Kwenye duka la dawa walinipa dawa ya malaria. Haikusaidia, wakanipa ya taifodi. Kisha korodani moja ikavimba, ikawa nzito na yenye joto. Nilificha hata kwa mke wangu, mpaka akaniona nikitembea kama mtu aliyevaa suruali ya mtoto wake. Alinicheka kwanza. Nilipomwonyesha, hakucheka tena.

Halafu maumivu yakahamia mgongoni na yakakaa. Hayakukaa popote tu. Yalikaa chini ya mgongo, pande mbili, mahali pale pale Apu alipokuwa ameweka viganja vyake. Nilianza kuogopa kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nikijilaza chali nilihisi mikono, na si kama kumbukumbu. Nilihisi joto la viganja, na kidole gumba cha kushoto kilichokuwa kimepinda tangu alipovunjwa na ndama. Nikigeuka upande, ilinifuata. Nikiwa macho kabisa, nikinywa chai na mtoto wetu Naserian akinisimulia mambo ya shule, nilikuwa nikiihisi ikinishika, imara, kama inayosema usipepese.

Mwende ndiye aliyenivuta mpaka kliniki yenye maabara. Msichana mmoja mdogo, aliyevaa koti jeupe kubwa kuliko yeye, alinitoa damu, kisha akanituma nikapigwe picha ya mgongo. Alirudi na uso uliotulia.

"Ni brusela," akasema. "Na imeingia kwa mgongo. Imekula pingili mbili. Mzee, wewe hapana beba kitu tena. Hata mtungi wa maji."

Alinieleza kwamba ugonjwa huu hutoka kwa mifugo, na kwamba maji ya ndama yule yalitosha. Nikaanza sindano na vidonge vya miezi mingi. Mkojo ukawa wa rangi ya machungwa, hata machozi yakapata rangi. Tumbo lilikataa chakula. Lakini homa ikaanza kushuka, na korodani ikarudi mahali pake, nikamshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Meneja wetu si mtu mbaya. Alinipa likizo ya ugonjwa, nusu yake yenye mshahara kamili na nusu yenye mshahara nusu, kama sheria inavyosema. Ilipokwisha, akaniweka getini kuangalia magari yanayoingia. Nilidhani ni ahueni. Kumbe kukaa kwenye kiti kile kuliuma kuliko kubeba. Nilikuwa nasimama naegemea nguzo, nikiona gari linakuja najinyoosha, nasalimia, likipita naegemea tena. Mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi. Wenzangu waliniuliza naendeleaje, nikawaambia niko sawa.

Kwa kuwa ugonjwa ulitoka kazini, nilikuwa na haki ya fidia. Lakini kwanza ilibidi madaktari wa jopo, kule Kajiado, wanipime na kuandika kiasi cha ulemavu nilionao. Maneno yao ndiyo yangeamua mambo mawili. Wakisema nina ulemavu, ningelipwa na kuachiwa kazi nyepesi siku zote. Wakisema mimi ni mzima, ningerudi kwenye kulabu, au ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Mwende alikuwa na nguo za arusi za kumaliza, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilinyoa kichwa, nikapiga viatu rangi, nikavaa shati la kanisani. Nilitaka wanione mtu wa heshima. Fimbo niliyokuwa nimeanza kuiegemea niliiacha nje kwenye korido, kwa sababu huingii na fimbo kwa wakubwa. Mle ndani kulikuwa na daktari wa makamo mwenye mikono ya baridi na wenzake wawili waliokuwa wakiandika. Wakaniambia niiname, nikainama. Wakaniambia nitembee kwa visigino, nikatembea. Kisha daktari akasimama nyuma yangu, akasema picha inaonyesha kidonda kinapona, sasa anataka kujua kinanisumbua kiasi gani. Akaweka mikono pale chini ya mgongo. Akabonyeza.

Sijui niwaelezeje maumivu yale. Macho yaliona weupe. Lakini kabla sijafikiri lolote, nilikuwa tayari nimetafuta kitu cha mbali. Nje ya dirisha kulikuwa na tangi la maji juu ya paa. Nililitazama.

"Inauma hapa?"

"Ni sawa tu, daktari."

Akabonyeza tena, chini zaidi, akaniuliza tena, nikamjibu vile vile. Nilitoka mle nimejinyoosha. Aibu ni kwamba nilijivunia. Nilifika chooni, nikafunga mlango, nikatapika, na hata nikitapika nilijihisi mwanamume.

Barua ilisema hakuna ulemavu wa kudumu, na kwamba ninaweza kurudi kazini kikamilifu. Mwende aliisoma amesimama, sindano ikiwa bado mdomoni. Aliitoa sindano taratibu akaichoma kwenye kimto chake cha sindano.

"Baba Naserian," akasema, "ulienda kupimwa ama ulienda kutahiriwa?"

Nilikasirika, nikatoka nje.

Meneja naye alinyoosha ile barua mezani kwa kiganja. Alisema yeye si daktari, na kama madaktari wanasema niko mzima, pale getini kuna mtu mwingine anayestahili. Nikarudi kwenye kulabu. Siku ya kwanza nilibeba. Siku ya pili nilibeba. Ya tatu, nikiwa na robo begani, miguu iliondoka. Sikujikwaa, wala sakafu haikuteleza. Nilikuwa na miguu, halafu sikuwa nayo. Nililala na nyama juu yangu, na nikahisi joto mapajani, nikadhani ni damu ya ng'ombe. Ulikuwa mkojo wangu. Wenzangu waliniinua, na hata pale, Mungu ananiona, nilijaribu kutuliza uso.

Nililazwa muda mrefu. Nilifungwa koseti, mshipi mpana mgumu wa kushika mgongo, nikafundishwa kusimama, kisha kupiga hatua nikishika vyuma. Mikono ya Apu haikuniacha. Kuna mchana mmoja nilimwona kabisa, amekaa kwenye kiti cha wageni na shuka lake, hajagusa uji wake. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kitu cha mbali. Nilielewa hapo kwamba yeye hakuwa anakaa hivyo kwa ushujaa. Hakujua namna nyingine ya kukaa. Nililia chini ya blanketi, na si kwa ajili ya mgongo.

Wakati huo Mwende alikuwa akienda Kajiado mara kwa mara, kwenye ofisi ya leba, kuomba nipimwe upya. Walimwambia asubiri, akasubiri akiwa na ushoni wake mapajani. Mwishowe wakanipa siku. Safari hii alikuja nami mpaka ndani. Karani alipomwambia angoje nje, akasema yeye ndiye anayenivalisha soksi na kwamba hatoki. Fimbo pia ikaingia.

Daktari alikuwa yule yule. Alinikumbuka.

"Mzee," akasema, "mimi naandika kile naona na kile naambiwa. Mtu akiniambia hakuna maumivu, naandika hakuna."

Hakusema kwa ubaya. Akapita nyuma yangu, mikono yake ikakaa pale pale. Na chini ya mikono yake kulikuwa na mikono mingine. Nilijikuta tayari natazama dirishani. Tangi lilikuwa bado lipo. Daktari akabonyeza. Taya langu likajifunga lenyewe. Nikasikia Mwende akivuta pumzi, kwa sababu aliona, akajua ninakwenda kufanya tena.

Nikafumba macho ili nisilione tangi. Nikasema, "Apu, niachie."

Daktari akauliza nimesema nini. Sikuweza kumjibu kwa maneno. Sauti ilitoka ambayo sikuijua, sauti ya mnyama, na mimi nimesikia wanyama wengi. Ikaenda mpaka mwisho wa korido. Ilipokwisha nikasema inauma. Nikasema inauma nikikaa, inauma nikikohoa, mguu huu siusikii, kuna siku sijui kama nimejikojolea mpaka nione. Nilisema yote na kalamu zao zikaenda mbio. Mwende alikuwa ameshika fimbo yangu kwa mikono miwili, analia.

Nililipwa. Leo nakaa kwenye mizani pale kichinjioni, na nina ruhusa ya kusimama na kukaa nipendavyo. Natembea na fimbo, na bahati ya Mmaasai ni kwamba fimbo yake haimshangazi mtu. Namshukuru Mungu, namshukuru yule msichana wa maabara, na zaidi ya wote namshukuru Mwende, ambaye hakuniacha nife kwa heshima. Ndugu, ukihisi homa inayokuja na kwenda, usimalize miezi kwenye duka la dawa. Mkifanya kazi na mifugo, daini glavu. Na ukiulizwa kama inauma, jibu kilicho kweli, hata kama waliokulea wamesimama nyuma yako.

Mikono haijarudi tangu siku ile. Kuna wakati naikosa, sitaficha.

Lakini kuna jambo moja bado. Tulipotoka kwenye kile chumba, mzee mmoja wa kwetu alikuwa kwenye benchi, shuka limekunjwa vizuri, amenyoa. Alikuwa amenisikia. Hakuinua uso. Jina lake lilipoitwa, aliegemeza fimbo yake ukutani, akainuka kwa shida ambayo mtu mwingine asingeiona, akaingia amenyooka. Nilimwambia Mwende tukae kidogo. Ubao wa mlango ulikuwa mwembamba. Tulisikia daktari akimuuliza kama inauma, tukamsikia akiuliza tena.

Nilingoja nimsikie yule mzee. Mpaka leo nangoja.