Aliyekataa Mrija

Nilipokuwa mtoto, kwetu Carama, mtu aliyekataa mrija aliogopwa kuliko mbwa mwenye kichaa. Chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa katikati, watu wakapokezana mrija mmoja, na ole wake aliyeupitisha bila kunywa. Tulifundishwa kwamba mtu huyo ana habari za sumu: ama ameileta yeye, ama anadhani umeileta wewe. Yote mawili ni matusi.

Nyogokuru, bibi yangu mzaa baba, alikuwa na imani yake nyingine. Alisema mafua ni mgeni asiyejua kuaga. Haondoki kwako mpaka umwonyeshe nyumba ya mwenzako, na njia yake ni mate. Kila kiangazi, vumbi likianza kupeperuka na pua kuchuruzika, alijitengea kikombe chake na kunifukuza kitandani kwake. Sisi tulimcheka, tukaona ni mambo ya kizamani.

Kiangazi kimoja wakaja watu wa Ruziba kumposa shangazi yangu Konsolata. Nyogokuru alikuwa na mafua. Baba naye alikuwa nayo. Asubuhi ile wote wawili walijifukiza chini ya blanketi moja, kwa sufuria moja ya majani ya mkalitusi. Mchana, baba wa kijana aliyeposa akanywa, akaufuta mrija kwa kiganja, akampa Nyogokuru kwa mikono miwili.

"Unisamehe, muzee," Nyogokuru akasema. "Mi niko na mafua. Sitaki kuyaacha kwenu."

Ua mzima ukamgeukia. Shangazi akainamisha kichwa. Mimi niliyeketi miguuni pa Nyogokuru nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, kunywa kidogo tu," Baba akamnong'oneza. "Batu banatuangalia."

"Bangalie. Na we pia usikunywe."

Baba hakumsikiliza. Akaupokea mrija kwa niaba ya mama yake, akavuta pombe kwa mbwembwe, akaufuta kama desturi na kumpa mgeni aliyefuata, nao ukazunguka kwa wote tena na tena. Watu wakapumua. Mimi nilimshukuru Baba moyoni, maana alikuwa ametuokoa na aibu.

Wiki haikwisha, habari zikafika kutoka Ruziba: wote waliokunywa wanakohoa, na baba wa yule kijana yuko hoi kitandani. Watu wakajiuliza nani hakunywa. Jibu halikuwa gumu. Mshenga wao akaja, akakataa hata kuketi.

"Harusi iko," alisema, "lakini ule muzee mwanamuke, apana, asifike. Ule alijua kitu iko mu chungu."

Nilimtazama Baba. Alikuwa bado anakohoa, tena amejifunika mdomo kwa leso. Neno moja kutoka kwake lingetosha: ni mimi. Baba akaikunja leso, akasema, "Sawa."

Basi Shangazi aliolewa bila mama yake kuwapo. Nyogokuru alibaki uani akichambua maharage. Nilipopita na gauni langu jipya aliniita, akanifunga mkanda vizuri mgongoni.

"Musalimie Konsolata," akasema. "Umuambie nilishapona."

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yangu kuposwa. Tangu siku za korona, katika familia nyingi hapa mjini kila mtu hupewa chupa yake na mrija wake, lakini wazazi wa kijana walileta chungu kwa heshima ya mila. Baba, ambaye sasa ni mzee wa kushikwa mkono, alikuwa na mafua. Mrija ulipomfikia, akainua kiganja.

"Munisamehe," akasema. "Mi niko na mafua."

"Aksanti sana, muzee!" akajibu baba wa kijana. "Hii ndiyo kujali batu." Wengine wakapiga makofi.

Baba aliinamisha kichwa vilevile kama Shangazi siku ile. Nilimwona akitafuta leso mfukoni, na haikuwa kwa ajili ya pua. Sikumwendea. Nilikuwa na aibu yake, na aibu yangu pia, kwa sababu sote wawili tulijua makofi yale yalikuwa haki ya nani.

Nyogokuru amekwisha kufariki. Kule Ruziba bado anatajwa kama yule bibi wa sumu, na wajukuu zake walioko huko wamekua wakisikia hivyo. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Hatujawahi kwenda kuwaambia.