Shimo la Mguu Halijazwi Kama Godoro

Mimi ni fundi wa magodoro. Miaka arobaini na moja nimejaza pamba na sufi kwenye mifuko ya kitambaa, nikishindilia kwa mti wangu mpaka mfuko ulie. Hakuna aliyelalia godoro langu akaguswa ubavu na chaga. Watu waliniita Bibi Shindilia, na jina nililipenda. Ukiona godoro legelege kwa mtu, usiulize, si langu.

Sasa niko ghorofa ya tatu kwa mwanangu, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Ngazi ni hamsini na nne. Nilizihesabu siku nilipopandishwa juu ya kiti kama kabati, na tangu hapo sijakanyaga hata moja. Huu ni mwezi wa tano. Ufunguo wa karakana yangu nauvaa shingoni.

Sindano ya magunia ndiyo iliyonifanyia haya. Ilinichoma juu kidogo ya kifundo cha mguu, nami nina sukari. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kushona. Tundu la sindano likawa shimo la kuingia kidole gumba.

Daktari hakunificha. "Mama, tunakupa dawa ya kujaza. Baada ya wiki nne tunapima. Shimo likipungua, mguu ni wako. Lisipopungua, tunakata chini ya goti."

Mguu mmoja, ngazi hamsini na nne. Hesabu hiyo haitaki shule.

Dawa yenyewe imo kwenye mrija. Ni nzito kama gundi ya unga, inateleza na kung'aa. Nesi alikuja nyumbani akamwonyesha mke wa mwanangu: osha, jaza, weka shashi, funga. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani kwa hasira, maana waliuzungumzia mguu wangu kama vile mwenyewe nimetoka. Katika maneno yao yote nililiokota moja tu. Jaza.

Neno langu hilo.

Nesi alipoondoka, nikamwambia mke wa mwanangu, "Lete huo mrija. Kujaza hunifundishi wewe."

"Mama, nesi amesema nifanye mimi."

"Wewe hata mto wa kulalia umenunua dukani. Lete."

Akaleta. Ni mpole yule, na upole wake ulikuwa ukiniudhi.

Kila asubuhi nilitia komeo mlangoni, nikajaza. Nilianza na pembe, kama godoro, nikakandamiza kwa kijiti chenye pamba, nikaongeza mpaka juu pakatuna, kisha bandeji nikaikaza. Iliuma. Nikajiambia inauma kwa sababu inafanya kazi.

Baada ya wiki mbili nesi alirudi. Akaingiza kijiti chake cha kupimia, akakinyanyua kwenye mwanga.

"Limeongezeka," alisema. "Na kingo zimelowa, zimekuwa nyeupe. Nani anajaza?"

Mke wa mwanangu akainamisha kichwa.

"Dada, si nilikwambia robo tatu tu? Hii dawa inakunywa maji ya kidonda, inavimba. Ukishindilia unaibana nyama changa, haina pa kuota. Unataka mama akatwe mguu?"

"Samahani, nesi," akasema.

Nilimngoja aseme kuwa ni mimi. Hakusema. Mrija ulikuwa chini ya mto wangu, nausikia kwenye mgongo kama kokoto. Ningenyamaza, mambo yangepita, na yeye angebeba lawama. Wiki mbili zilibaki.

"Mwache huyo," nikasema. "Ni mimi. Nimeshindilia."

"Bibi, hili si godoro."

"Nimeshaona. Lakini uliniambia mimi? Ulimwambia yeye. Mguu ni wa nani?"

Nesi akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaanza upya tangu kuosha, macho yake kwenye macho yangu. Hapo nilisikia yote.

Toka siku hiyo anajaza mke wa mwanangu. Mimi kazi yangu ni kukaa na kutazama, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Ongeza kidogo pembeni."

"Siongezi."

"Pembe imebaki tupu."

"Ibaki."

"Godoro kama hilo lingerudishwa."

"Lirudishwe, mama. Mguu haurudishwi."

Kumbe upole ule una mfupa ndani.

Wiki ya nne nesi alipima mara mbili. Shimo lilikuwa limerudi pale lilipoanzia, kisha likapungua zaidi kwa unene wa punje ya mchele. Chini kulikuwa na nyama nyekundu. Akampigia daktari simu. Daktari akasema hakati, ila nisishuke hata ngazi moja, mwezi mwingine, pengine miwili.

Walipotoka chumbani nilitazama ukuta wa dirishani, nikauona kila tofali. Kisha nikamwita mke wa mwanangu aniletee mkasi. Mto ninaoegeshea mguu niliujaza mwenyewe zamani, mgumu kama gogo, na mguu huteleza juu yake kutwa nzima. Nikafumua mshono, nikatoa pamba konzi tatu.

"Unafanya nini, mama?"

"Napunguza," nikasema. "Lete uzi, na usicheke."

Akaenda kuleta uzi. Nilimsikia akicheka huko jikoni.