Jani la Muhogo kwa Kiingereza

Mkaguzi alipofungua mlango wa darasa la sita nilikuwa nimelinyanyua jani la muhogo ili watoto wote walione, nawaambia kwa Kiswahili kwamba hili ni jiko. Jua ndiyo moto wake, maji yanapanda kutoka mizizini, na jani lenyewe linajipikia chakula bila kumsumbua mtu. Watoto walikuwa wanacheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye hakuna aliyemshinda darasani, akanyoosha kidole: "Mwalimu, basi usiku jani halipiki?"

Katika miaka yote niliyosomesha sayansi sikuwahi kuulizwa swali zuri kama lile. Sikulijibu. Nilishamwona mkaguzi amesimama mlangoni na faili lake kifuani, nikaugeukia ubao nikaanza kusema Kiingereza. Darasa likanyamaza papo hapo. Mkaguzi akakaa dawati la nyuma mpaka kengele ikagongwa, akaandika muda wote, na alipotoka alinipa mkono kwa adabu.

Sheria naijua, kila mwalimu anaijua. Kuanzia darasa la tano, hesabu na sayansi husomeshwa kwa Kiingereza, na mtihani unakuja kwa lugha hiyo hiyo. Lakini watoto wa kijiji chetu, Mgogoni, nyumbani husema Kipemba. Hata Kiswahili cha vitabuni wanakutana nacho skuli. Kiingereza wanakipata kinywani mwangu tu, na changu mwenyewe nilikipata ukubwani, skuli ya mjini na chuo cha ualimu, kwa kukariri.

Baada ya wiki mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mtu mpole, aliyebakisha muda mchache kustaafu, na barua aliikamata kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa. Ilikuwa barua ya onyo, yenye jina langu.

"Dada yangu, miye sina ugomvi naweye," alisema. "Lakini darasa likianguka mtihani na barua hii ipo, nitasemani? Watasema nilijua, nikanyamaza."

"Wakisomeshwa Kiingereza kitupu hawafahamu, Mwalimu."

"Basi tuwazidishie Kiingereza."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha mchana, Jumatatu mpaka Alhamisi, tangu baada ya adhuhuri hadi karibu na alasiri. Hakuwa na mwalimu mwingine wa kumpa. Nilitia saini palepale, barua ya onyo na ratiba mpya, kwa kalamu moja.

Saa zile zilikuwa saa za chuo cha Kurani. Na chuo cha kijiji chetu ni cha baba yangu.

Baba amesomesha Kurani tangu mimi sijazaliwa, kwenye banda la makuti ubavuni mwa nyumba yetu. Watoto huanza na alifu, wakaingia juzuu Amma, na wakubwa wakishajua kusoma huwasimamisha katikati ya aya, akawaeleza kwa Kipemba kinachosemwa pale. Wapo maalim wasiofanya hivyo. Yeye akiulizwa husema, "Maneno ni ya Mungu, lakini masikio ni ya Mgogoni." Yeye mwenyewe babake alimtoa skuli mapema kwa kuogopa asije akatiwa ukafiri. Mimi hakunifanyia hivyo. Alinipeleka kwa shangazi yangu Tibirinzi ili nisome mjini Chake, na waliomlaumu kwa kumpeleka mtoto wa kike mjini aliwasikiliza wote, asirudi nyuma.

Siku niliyokwenda kumwambia nilimkuta barazani anachambua karafuu, anatenga vikonyo.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Nne, Baba."

"Ijumaa hatusomi. Nabaki na Jumamosi na Jumapili." Akachambua kidogo. "Na huyo mwalimu wa mchana ni nani?"

"Ni mimi."

Aliendelea na karafuu zake. Nilikaa, nikashika konzi moja nikamsaidia.

Wiki ya pili likaja boksi la vitabu vya Kiingereza, msaada wa wafadhili. Vilikuwa na picha za rangi na karatasi nzito, vitu ambavyo watoto wetu hawajavizoea. Nilifurahi nikavigawa siku ileile. Sikuvipitia ukurasa kwa ukurasa, na hilo sina wa kumlaumu. Katikati palikuwa na picha ya watu mezani wameunganisha viganja, na ukutani nyuma yao msalaba. Ukifunua ukurasa unaofuata unakuta shamba la nguruwe, na chini yake sentensi za mtoto kukariri mara tatu.

Msichana yule wa dawati la mbele alikwenda nacho nyumbani, akakaa uani anakariri kwa sauti. Babake ni mkulima, na ni mtu wa barazani kwa baba yangu. Alimsikia, akataka aione ile picha. Ijumaa akaenda nacho msikitini.

Sikuwepo. Habari nilizipata bombani. Nilifika na ndoo zangu, wanawake wakakatisha mazungumzo. Wakanisalimu mmoja mmoja, vizuri, kwa mpangilio, jinsi anavyosalimiwa mgeni. Hatimaye bibi mmoja jirani, ambaye ndiye aliyenipokelea watoto wangu wote walipozaliwa, akasema kwa niaba yao:

"Tumeambiwa weye ndo ulowagaia watoto kitabu cha nguruwe."

"Nimegawa, Bi Mkubwa. Sikukisoma chote."

"Mwalimu asosoma kitabu?"

Maji yalijaa, yakamwagika, na mimi nimesimama tu.

Jumatatu mchana madawati mengi yalikuwa matupu. Dawati la mbele pia. Nikawasomesha wachache waliokuja, na nilipomaliza sikwenda nyumbani, nikashika njia ya makonde ya muhogo mpaka kwa yule mkulima. Alinipokea kwa heshima, akanitolea kiti, akaagiza niletewe maji.

"Mwanangu hatoki tena mchana, Mwalimu."

"Mtihani uko karibu, kaka yangu. Na huyu ana akili. Akikosa kipindi hiki atakwenda kukaa na karatasi asiyoifahamu."

"Hiyo akili kaipata wapi? Si chuoni? Kahifadhi juzuu tatu kabla hajajua kufunga kamba za viatu." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayekumbusha jambo ambalo sote wawili tunalijua. "Vitabu mmevileta nyinyi. Saa za chuo mmezitwaa nyinyi. Sasa unanambia mwanangu ndo atakayekosa."

Nyuma ya pazia la mlango nilimwona msichana amesimama na daftari mkononi.

"Basi atarudi kwa sharti gani?" niliuliza.

"Kalete ruhusa ya Maalim. Akisema yeye, miye nani nikatae?"

Njia nzima ya kurudi niliigeuza ile kauli. Nikimwomba baba ruhusa, namwomba alifunge banda lake kwa mkono wake. Akikubali nimemmaliza. Akikataa, kijiji kizima kitajua kwamba amenikataa, na mwalimu mkuu ana barua yangu kwenye jalada. Kuacha kazi nilikufikiria pia. Watoto wangu watatu wanasoma kwa mshahara ule, na baba mwenyewe dawa zake za presha zinatoka hapohapo. Kila nilipogusa palikuwa na mtu wangu. Nilifika nyumbani nikapika, nikala, na baba sikumwambia kitu.

Sheha, kiongozi wa serikali kijijini, ndiye aliyeitisha mkutano, Jumamosi asubuhi, katika darasa kubwa la skuli. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, na walimu tulipewa viti ubavuni, tunawatazama wote. Baba alikaa safu ya kwanza, na kanzu yake ya Ijumaa.

Mwalimu mkuu alianza kwa kuomba radhi. Vitabu vimekusanywa, vimerudishwa kwenye boksi, havitatoka tena. Watu wakaitika. Lakini kipindi, alisema, hakina budi kubaki, kwa sababu lugha ya mtihani hatukuichagua sisi. Hapo sauti zikapanda. Mmoja akasema hii ni njia ya kuwatoa watoto kwenye dini polepole. Mwingine akamjibu kwamba wana wa huyo huyo anayesema wako mjini wanasoma skuli za kulipia, Kiingereza tangu chekechea, mbona huko dini haijawatoka. Ikawa kelele. Sheha akagonga meza.

"Tumsikie Maalim. Yeye ndiye mwenye chuo."

Baba alisimama taratibu. Hakuwatazama watu, alinitazama mimi.

"Miye sina hotuba," alisema. "Nna suala moja, na nalielekeza kwa Mwalimu." Hajawahi kuniita hivyo kabla wala baada ya siku ile. "Weye umesoma, na hiyo sayansi unaijua. N'ambie, uliifahamu kwa lugha gani?"

Jibu nilikuwa nalo, na yeye alikuwa nalo. Niliifahamu kondeni kwake. Nikiwa mdogo alinionyesha kwa nini muhogo uliofunikwa na kivuli cha mwembe hauweki mizizi, akalilaza jani kwenye kiganja changu akanambia jani huishi kwa jua. Nilipofika Chake nikaandikiwa ubaoni neno refu la Kiingereza, nililijua maana yake siku hiyohiyo, kwa sababu kitu chenyewe nilikuwa nacho tayari. Hilo ndilo alilotaka niliseme. Ningelisema, mkutano ungeisha, na watu wangesema basi wasomesheni kwa lugha yao.

Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa Kiingereza, Maalim," nilisema.

Alibaki amesimama kwa muda kidogo, kama mtu anayengoja maneno mengine yafuate. Kisha akaitika kwa kichwa.

"Basi. Mwalimu kashasema. Chuo kitasoma baada ya alfajiri. Mchana wachukueni."

Watu walitoka. Mkulima yule alipita mbele yangu akanambia bintiye atakuja Jumatatu. Nilishukuru.

Alikuja. Walikuja wote. Lakini sasa walikuwa wanaamka gizani, wakasoma chuo, wakanywa chai mbiombio wakaja skuli, na ikifika saa nane mchana walikuwa wanasinzia juu ya mikono yao. Niliwasomesha namna nilivyotakiwa. Niliandika sentensi ubaoni, nikasema, wakasema, nikafuta, wakaandika. Msichana wa dawati la mbele alizishika zote. Siku moja nilimwomba aeleze jani linafanya nini. Alisimama, mikono nyuma, akaisoma sentensi nzima ya Kiingereza pasipo kosa. Nikamuuliza tena, kwa Kiingereza chepesi, maana yake nini. Akaisoma tena ileile, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani sikumsikia. Mpaka mwaka unamalizika hakuniuliza chochote.

Kwa baba nilichukua mwezi mzima kabla sijaweza kusema. Nilimpelekea dawa zake nikamkuta bandani peke yake, mchana, anakunja upya majamvi ambayo siku hiyo hayakutandikwa.

"Baba, siku ile ya mkutano sikusema kweli."

"Najua. Kwani kondeni nani alokupeleka?"

"Nilikuwa na barua ya onyo. Niliogopa."

Aliliegemeza jamvi ukutani, akarudi kuchukua jingine. "Ungesema kweli wangekufukuza?"

"Sijui."

"Hata miye sijui," alisema. Nilingoja anilaumu, ningefurahi angenilaumu. Badala yake akaniomba nimshikie upande wa pili wa jamvi, lilikuwa refu. Wanafunzi wake wadogo wamepungua tangu hapo, maana mama wengi hawataki kuwatoa watoto wa miaka minne kwenye umande. Hilo hakunambia yeye. Nimeliona mwenyewe.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, darasa langu lilikuwa limefanya vizuri. Sentensi tulizokariri zilikuwamo, na waliozishika walizimwaga kwenye karatasi. Msichana yule alichaguliwa kwenda skuli ya wateule, wanafunzi waliofaulu zaidi, Chake, na babake alinitumia kikapu cha ndizi na salamu kwamba Mungu anilipe. Mkaguzi alirudi, yuleyule na faili lake, akakaa kipindi kizima na mwisho akanisifu mbele ya walimu wenzangu. Barua ya onyo ikatolewa kwenye jalada. Mahali pake ikatiwa barua nyingine, ya kuniteua niwafunze walimu wa sayansi wa kisiwa kizima jinsi ya kusomesha kwa Kiingereza kitupu.

Niliisoma mara mbili. Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama kwa furaha ya kweli, akanipa kalamu.

Semina ilikuwa Chake, siku tatu. Nililala kwa shangazi, Tibirinzi, chumba kilekile nilichosomea. Siku ya pili, wakati wa chakula, alikaa karibu yangu mwalimu kijana wa kike aliyetoka Kisiwa Panza, aliyekuja kwa boti asubuhi ile na buibui lake bado lina chumvi kwenye pindo. Tulizungumza juu ya watoto, juu ya chaki zinazoadimika. Kisha akainama, akashusha sauti.

"Bi Mkubwa, nikwambie kweli? Kule kwetu tunafunga mlango, tunawaambia kwa Kipemba. Ndo wanafahamu."

Nilicheka, naye akacheka. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia aendelee hivyohivyo, lakini mkaguzi alikuwa meza ya pili, anakula, na kengele ya kurudi ukumbini ikalia.

Kipindi cha mchana ule kilikuwa changu. Karatasi niliyopewa ilikuwa na mambo ya kusisitiza, na la nne lilikuwa kwamba mwalimu asitafsiri kwa hali yoyote. Nilifika hapo nikalisoma, kwa Kiingereza, nikalisoma tena kama ilivyoagizwa. Mwalimu wa Kisiwa Panza alinitazama kidogo. Kisha akafungua daftari lake, akaandika.