Mpira ulipasuka, mwenyekiti wetu akakimbilia kwa hakimu Newala

Wakuu, wapenda mpira na wapenda kesi, uzi huu ni wenu wote. Yamenipata mwenyewe, na sijaongeza chumvi maana ilikuwa tayari imekolea.

Mimi ni kipa wa timu moja ya Mkunya, Newala. Tuiite Mabibo FC. Jina halisi nalihifadhi, bado naidakia.

Tulikuwa na mechi ya mtoano na jamaa wa Lulindi, kule Masasi. Mshindi anaingia ligi ya mkoa. Kwa sisi tunaopalilia mihogo asubuhi na kwenda mazoezi jioni, hilo lilikuwa jambo serious.

Bila kwa bila, dakika za mwisho. Mshambuliaji wetu Chande akapiga shuti la hasira. Mpira ukapasuka hewani.

Nasema ukapasuka, wakuu.

Ganda la nje likadondoka kabla ya mstari. Kibofu cha ndani kikachomoka na kuingia wavuni kikipiga mluzi. Kipa wao alidaka ganda. Alilikumbatia kabisa, anashangaa tunashangilia nini.

Refa akaweka kati. Goli.

Lulindi wakalalamika. Kamati ya mashindano ya chama cha mpira ikasema mpira ukipasuka mchezo unasimama, kwa hiyo hakuna goli. Mechi irudiwe Masasi, Jumatano saa nne asubuhi.

Hapo ndipo anapoingia mwenyekiti wetu, Baba Somoe.

Huyu mzee aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba la mikorosho. Tangu siku hiyo anaamini hakuna jambo lisilotibika mahakamani. Kuku wa jirani akiingia uani kwake, anataja vifungu.

"Haturudii mechi tuliyoshinda," akatuambia. "Naenda kwa hakimu aizuie."

Nikamwambia, "Shikamoo Baba Somoe. Lakini mpira una kamati yake ya rufaa. Tukienda mahakamani tutafungiwa."

"Marahaba. Wewe daka mipira, sheria niachie mimi."

Kesi ikapangwa asubuhi ya Jumatano ile ile. Mzee akaamuru timu nzima twende mahakamani na jezi, "hakimu aone uchungu wetu." Kwa hesabu zake, zuio lingetoka mapema na mechi ingefutwa.

Tukaingia na njumu, ko ko ko kwenye sakafu ya saruji. Karani akatuvulisha zote mlangoni. Wengine soksi zao hazikuwa za kuonyesha watu.

Hakimu, mama mmoja mtulivu, akauliza kielelezo kiko wapi. Baba Somoe akafungua kiroba, akaweka mezani ganda, kisha kibofu.

"Mheshimiwa, hivi ni kitu kimoja. Mtu akivua shati mlangoni akaingia ndani, utasema hajaingia?"

Hakimu akainamia faili muda mrefu. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Alipoinua uso akauliza, "Mlikwenda kwenye kamati ya rufaa ya chama chenu?"

"Hapana mheshimiwa. Wale ndio waliotuonea."

"Waliowaonea ni kamati ya mashindano. Kamati ya rufaa ni watu wengine."

Mzee alikuwa hajui, wakuu! Namfahamu, nilimwona usoni.

"Mlipojiunga na chama mlikubali kanuni zake," hakimu akasema. "Malizeni ngazi zenu kwanza. Shauri limetupwa."

Tukiwa nje tunavaa viatu, simu yangu ikaita. Shemeji yangu wa Lulindi.

"Shemeji, mko wapi? Sisi tuko uwanjani, refa anaangalia saa."

Tukatafuta gari kama watu wenye mgonjwa. Tulipofika Masasi tukawakuta Lulindi wanaondoka wakiimba. Wamepewa walkover bila kupiga teke hata moja.

Chande alikaa kando ya barabara, jezi begani. "Mimi nilikuwa nimejiandaa kufunga tena," akasema.

Wiki iliyofuata chama kikatufungia msimu mzima kwa kupeleka mpira mahakamani.

Safari hii tukaenda kamati ya rufaa. Wazee wa watu wakatusikiliza vizuri, wakapunguza adhabu nusu. Mmoja akatuambia, "Mngeanzia hapa, mechi ya marudiano tungeileta Mkunya." Baba Somoe akaomba kwenda kunywa maji.

Mnadhani yameisha?

Uchaguzi wa chama ulipofika, mzee akagombea na akapita. Sasa ni mjumbe wa kamati ya nidhamu. Kikao chake cha kwanza wakaletewa timu iliyokimbilia mahakamani. Jamaa aliyekuwepo ananiambia mzee alipiga meza: "Mpira hauendi kwa hakimu! Wafungiwe misimu miwili!"

Ilibidi wajumbe wenzake wamwombe apunguze.

Nilichojifunza: ukionewa uwanjani, soma kanuni, panda ngazi za mpira mpaka ya mwisho. Na mechi ikigongana na kesi, nenda kwenye mechi.

Wanasheria na marefa mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Ila atakayesema nilipaswa kumzuia yule mzee, aje kwanza Mkunya ajaribu mwenyewe.